Haba na Haba Isiyojaza Kibaba

(Mazungumzo ya juma, kama yalivyosomwa redioni)



Juma lililopita nilikuwa kijiweni nakunywa kahawa, na kama ilivyo desturi ya vijiwe vyetu, mpira ulipokwisha kuzungumzwa yakaingia mambo ya dunia. Kijana mmoja, fundi wa simu, akaniamkia kisha akaniuliza: "Mzee, wewe unayesema redioni, hebu tuambie. Marekani ina watu zaidi ya milioni 330. Ina matajiri, ina wasomi, ina majenerali. Kwa nini kila baada ya miaka minne wanaletewa watu wawili tu wa kuchagua? Huyo wa tatu yuko wapi?"

Kabla sijafungua kinywa, mzee mwenzangu akanijibia: "Hawamtaki!" Watu wakacheka, kahawa ikamiminwa, mazungumzo yakahamia kwingine. Lakini yule kijana hakuridhika, nami sikuridhika. Kwa hiyo leo nataka nimjibu yeye, na ninyi pia.

Kwanza, si kweli kwamba hawamtaki. Shirika la Gallup, ambalo kazi yake ni kuuliza wananchi maoni yao, liliwauliza Wamarekani mwaka 2023 kama vyama viwili vikubwa, Republican na Democratic, vinawawakilisha vya kutosha, au kama chama cha tatu kinahitajika. Watu 63 katika kila 100 wakasema kinahitajika. Mwaka huohuo, watu 43 katika kila 100 walijitambulisha kuwa hawana chama chochote. Basi angalieni yaliyotokea mwaka uliofuata. Katika uchaguzi wa Novemba 2024, Donald Trump wa Republican na Kamala Harris wa Democratic waligawana wao wawili kiasi cha asilimia 98 ya kura zote. Wagombea wengine wote, tena walikuwapo kadhaa katika karatasi za kura, waliambulia asilimia mbili hivi.

Watu 63 katika 100 wanasema wanataka, na siku ya siku wanaompa kura ni wawili. Je, Wamarekani ni wanafiki? Hasha. Iko sababu, na sababu yenyewe imo katika namna kura zinavyohesabiwa.

Nianze na kisa cha Ross Perot, maana ndicho kinachofundisha kuliko vyote.

Perot alikuwa tajiri wa Texas, mtu mfupi, mwenye masikio makubwa ambayo yeye mwenyewe aliyafanyia mzaha. Februari 1992, akiwa katika kipindi cha televisheni, alisema kwamba wananchi wakimwingiza kwa saini zao katika karatasi za kura za majimbo yote 50, atagombea urais. Hakuwa na chama. Alikuwa na fedha zake, na jambo moja la kusema: kwamba Serikali ya Marekani inakopa kuliko uwezo wake, na deni hilo watalipa watoto. Alinunua nusu saa nzima za televisheni akakaa mezani na chati zake, anaeleza bajeti kama mwalimu wa hesabu. Mtu angedhani watazamaji watakimbia. Hawakukimbia. Mwezi Juni mwaka ule, uchunguzi wa Gallup ulimpa asilimia 39, Rais George Bush asilimia 31, na Bill Clinton asilimia 25. Mtu asiye na chama alikuwa mbele ya Rais aliyeko madarakani!

Kisha Julai akajitoa ghafla. Oktoba mosi akarudi. Mgombea mwingine angezikwa kisiasa kwa kigeugeu cha namna ile. Lakini Novemba, Perot alipata kura milioni 19 na laki saba na zaidi, yaani asilimia 19. Karibu Mmarekani mmoja katika kila watano waliopiga kura alimchagua yeye.

Sasa sikilizeni hesabu. Clinton, mwenye asilimia 43 ya kura, alipewa wajumbe 370. Bush, mwenye asilimia 37, alipewa wajumbe 168. Perot, mwenye asilimia 19, alipewa wajumbe wangapi? Hakupewa hata mmoja. Watu karibu milioni 20, na matokeo yake sifuri.

Ili tuelewe sifuri ile, yafaa tukumbuke jinsi Rais wa Marekani anavyopatikana. Mwananchi hamchagui Rais moja kwa moja. Kila jimbo lina idadi yake ya wajumbe wa uchaguzi. Jumla yao, pamoja na wale wa mji mkuu wa Washington, ni 538, na mwenye kufikisha 270 ndiye Rais. Karibu kila jimbo lina kanuni moja: anayeongoza katika jimbo, hata kwa kura moja, anachukua wajumbe wote wa jimbo lile. Ni Maine na Nebraska tu zinazogawa baadhi ya wajumbe wao kwa wilaya za uchaguzi.

Sisi tunasema haba na haba hujaza kibaba. Huko kwao usemi huo hautimii, kwa sababu hakuna kibaba kimoja. Viko vibaba 51. Katika kila kibaba, aliyetia nafaka nyingi kuliko wenzake anabeba kibaba chote, na nafaka za wengine zinamwagwa. Perot alitia nafaka yake katika kila kibaba cha nchi nzima. Kule Maine alimshinda hata Bush, akawa wa pili. Kule Utah alimshinda Clinton, akawa wa pili. Lakini wa pili hana malipo.

Katika ligi yetu ya mpira, timu ya tatu inaweza kujikusanyia pointi zake polepole, ikatoka sare hapa, ikashinda pale, hata siku moja ikawakuta Simba na Yanga wamelala. Azam walichukua ubingwa katika msimu wa 2013/14 kwa kujikusanyia namna hiyo. Katika uchaguzi wa Marekani hakuna sare, wala hakuna pointi za kubakiza kwa mechi ijayo. Kila baada ya miaka minne unaanza tena mikono mitupu.

Yuko atakayeniuliza: je, hakuna mgombea wa tatu aliyewahi kupata wajumbe? Wako. Na hapa kanuni ile inaonyesha sura yake nyingine, ambayo si nzuri.

Mwaka 1948 walikuwapo wagombea wawili wa pembeni. Mmoja aliitwa Henry Wallace, aliyekuwa Makamu wa Rais wakati wa Roosevelt; huyu alitaka mapatano na Urusi na haki sawa kwa watu weusi. Mwingine aliitwa Strom Thurmond, Gavana wa South Carolina. Huyu alisimama kutetea ubaguzi wa rangi uendelee kama ulivyokuwa. Kila mmoja wao alipata kura milioni moja na laki moja na zaidi, yaani asilimia mbili na nukta kidogo. Walikaribiana mno. Lakini Thurmond alipewa wajumbe 39, na Henry Wallace hakupewa hata mmoja. Kwa nini? Kwa sababu kura za Thurmond zilikuwa zimelundikana katika majimbo machache ya Kusini, naye akashinda manne. Kura za Wallace zilikuwa zimetawanyika nchini.

Mwaka 1968 ikawa vilevile. George Wallace wa Alabama, huyu si ndugu wa yule wa kwanza, alisimama kwa siasa ya ubaguzi akapata asilimia 13 na nusu ya kura na wajumbe 46, wote wa Kusini. Alikuwa na kura nusu ya zile ambazo Perot angekuja kuzipata, na bado yeye akapata 46, Perot akapata sifuri. Basi kanuni hii haimpi tuzo mgombea wa tatu anayesema na nchi nzima. Inampa tuzo yule mwenye hasira ya eneo moja.

Na hata hao waliopata wajumbe hawakupata urais. Maana Katiba ya Marekani inasema kwamba kama hakuna aliyefikisha nusu ya wajumbe na kuzidi, basi Rais atachaguliwa na Baraza la Wawakilishi kutoka miongoni mwa watatu wa mbele. Huko kila jimbo linakuwa na kura moja tu. California yenye watu zaidi ya milioni 39 ina kura moja, na Wyoming yenye watu wasiofika laki sita ina kura moja. Anayetakiwa ni mwenye majimbo 26. Jiulizeni: mtu asiye na chama, asiye na mbunge hata mmoja mle ndani, atayapata wapi majimbo 26? Hata akifanikiwa kuwazuia wakubwa wasifikishe 270, kazi ya kuamua inarudi mikononi mwa wakubwa haohao. Mwaka 1824, katika kinyang'anyiro cha watu wanne, Andrew Jackson alikuwa na kura nyingi na wajumbe wengi kuliko wenzake, na Baraza likampa urais John Quincy Adams.

Hayo ni ya kuhesabu. Bado hatujasema habari ya kuingia mlangoni.

Mgombea wa Republican au wa Democratic, jina lake linaingia katika karatasi za kura kwa urahisi. Wa tatu lazima aombe jimbo kwa jimbo, na kila jimbo lina sheria yake. Kwa uchaguzi wa 2024, mgombea binafsi kule Tennessee alitakiwa alete saini 275 tu. Hata shule moja ya sekondari ingempa. Lakini Texas ilitaka saini zaidi ya 113,000, tena za watu ambao hawakupiga kura katika michujo ya vyama vikubwa. California ilitaka saini zaidi ya 219,000. Saini hizo zinakusanywa kwa watu wa kulipwa, na zikishakusanywa, mawakili wa chama kikubwa wanakuja kuzikagua moja moja na kwenda mahakamani. Mgombea anaanza kutumia fedha za kampeni kabla hajaanza kampeni.

Akishaingia katika karatasi, uko mdahalo wa televisheni. Mwaka 1992 Perot aliruhusiwa katika midahalo yote mitatu, na ndiyo iliyomfufua. Lakini midahalo ile kwa miaka mingi iliandaliwa na tume iliyoundwa mwaka 1987 na wenyeviti wa vyama viwili vikubwa. Kuanzia uchaguzi wa 2000, tume ile iliweka sharti kwamba mgombea awe na asilimia 15 katika uchunguzi wa maoni ya wananchi. Sharti hilo linasikika kuwa la haki. Ila fikirini: ili ujulikane unahitaji mdahalo, na ili uingie katika mdahalo unahitaji uwe umekwisha kujulikana. Ni kama yule kijana anayeomba kazi akaambiwa alete uzoefu, na uzoefu hapewi kwa sababu hana kazi.

Tuliona mfano wake juzijuzi. Robert Kennedy, mtoto wa yule seneta aliyeuawa mwaka 1968, alitoka katika chama cha Democratic Oktoba 2023 akawa mgombea binafsi. Jina la ukoo wake linajulikana dunia nzima. Mwishoni mwa mwaka ule kuna uchunguzi uliompa asilimia 22. Ilipofika mdahalo wa Juni 27, 2024, uliotayarishwa na kituo cha televisheni cha CNN, sharti lilikuwa asilimia 15 katika chunguzi nne, na jina kuwamo katika karatasi za majimbo yanayotosha kufikisha wajumbe 270. Hakutimiza, akabaki nje. Agosti 23 alisimamisha kampeni na kumuunga mkono Trump. Kisha likatokea jambo la ajabu. Mtu aliyehangaika mahakamani ili jina lake liingie katika karatasi za kura, sasa akahangaika mahakamani litolewe katika baadhi ya majimbo, na kule Michigan na Wisconsin likabaki. Mwishowe alipata kura kama laki saba na nusu, nusu ya asilimia moja. Februari 2025 akathibitishwa kuwa Waziri wa Afya wa Trump. Kwa hiyo alichokipata mgombea wa tatu ni kiti katika meza ya wa kwanza.

Ndugu wasikilizaji, nimeeleza kuhesabu na nimeeleza mlango. Lakini kikwazo kikubwa kuliko hivyo viwili kimo moyoni mwa mpiga kura mwenyewe. Jina lake ni hofu.

Mwaka 2000 George Bush mdogo alikuwa akishindana na Al Gore. Pembeni yao alikuwapo Ralph Nader wa chama cha Kijani, mwanasheria aliyejulikana tangu miaka ya 60 kwa kuwatetea wanunuzi dhidi ya makampuni makubwa. Uchaguzi wote ukabaki unaning'inia jimbo la Florida. Baada ya siku nyingi za kubishana, Bush akatangazwa mshindi wa jimbo lile kwa tofauti ya kura 537. Nader alikuwa amepata kura 97,488 katika jimbo hilohilo. Wafuasi wa Gore wakawaka moto: lau watu wa Nader, ambao wengi wao walikuwa karibu zaidi na Gore, wangempa Gore hata sehemu ndogo, yeye angekuwa Rais. Na vita vya Iraq vilipoanza mwaka 2003, maneno yakazidi ukali. Watu waliopiga kura kwa dhamiri zao waliambiwa usoni kwamba mikono yao ina damu.

Mimi nataka niwatetee kidogo. Katika karatasi ya kura ya Florida kulikuwa na wagombea 10. Yule aliyeshika mkia, wa chama kidogo cha wafanyakazi wa kisoshalisti, alipata kura 562. Mnaona? Hata aliyekuwa wa mwisho kabisa alikuwa na kura nyingi kuliko tofauti ya Bush na Gore. Basi kila mmoja wao angeweza kulaumiwa. Na kama kila mmoja analaumiwa, labda kosa si la mtu. Kosa ni la kanuni inayomlazimisha mwananchi achague kati ya kumpa kura anayemwamini na kumzuia anayemwogopa. Kanuni hiyo ndiyo inayowabana wale watu 63 katika 100. Wanapojibu maswali ya Gallup wanasema wanachokitaka. Wakiwa peke yao na karatasi ya kura, wanafanya wanachokiogopa kidogo.

Je, basi, mgombea wa tatu ni bure? Kama tukipima kwa kiti cha urais, ni bure, au karibu na bure. Lakini kuna kipimo kingine.

Mwaka 1892 chama cha wakulima kilichoitwa People's Party kilimsimamisha James Weaver. Alipata kura zaidi ya milioni moja na wajumbe 22, akashindwa. Wakulima wale walidai kodi ya mapato inayopanda kwa kadiri ya utajiri, na walidai maseneta wachaguliwe na wananchi wenyewe. Walichekwa. Mwaka 1913 yote mawili, kodi ya mapato na uchaguzi wa maseneta, yaliruhusiwa katika Katiba. Mwaka 1912 Theodore Roosevelt, aliyekuwa Rais kabla, alitoka Republican akaanzisha chama chake. Alipigwa risasi kifuani kule Milwaukee, akahutubia kwanza ndipo akaenda hospitali. Alipata asilimia 27, akamshinda Rais Taft wa chama chake cha zamani, na wote wawili wakashindwa na Woodrow Wilson. Lakini chama chake kilitaka wanawake wapige kura nchi nzima. Wakapata haki hiyo mwaka 1920. Kilitaka bima ya wazee na wasio na kazi. Ikaja mwaka 1935. Na Perot? Baada ya asilimia 19 zile, hakuna mwanasiasa wa Washington aliyeweza kudharau habari ya nakisi, na kuanzia 1998 hadi 2001 bajeti ya Marekani ilikuwa na ziada. Sitasema ni kazi ya Perot peke yake, la. Ila wakubwa walikuwa wameziona kura milioni 20 zikiwa njiani hazina mwenyewe, na wakaziendea mbio.

Hivyo ndivyo ilivyo. Wakubwa wanaiba wazo, na mwenye wazo anakufa maskini. Lakini tusijidanganye kwamba wazo linaloibwa huwa zuri daima. Kura za ubaguzi za mwaka 1968 nazo zilionekana, nazo zilifukuziwa. Thurmond mwenyewe aliingia Republican mwaka 1964, akakaa katika Seneti mpaka mwanzo wa karne hii.

Nimeulizwa pia kama upo wakati wa tatu aliyekuwa wa kwanza. Upo, mmoja. Chama cha Republican chenyewe kilizaliwa mwaka 1854, wakati chama kikubwa cha Whig kilipokuwa kinapasuka kwa sababu ya utumwa. Mwaka 1860, katika wagombea wanne, Abraham Lincoln alishinda kwa asilimia 40 hivi tu za kura, na katika majimbo mengi ya Kusini jina lake halikuwamo hata katika karatasi. Alishinda kwa sababu Kaskazini ilikuwa yake karibu yote. Somo lake ni kwamba chama kipya hakikupenya katikati ya wakubwa wawili wazima. Kilikaa juu ya kiti cha mkubwa aliyekwisha kufa. Na kifo kile kililetwa na jambo zito kiasi kwamba nchi iliingia vitani.

Kwa hiyo, kijana wangu fundi wa simu, ukiniuliza kama uchaguzi wa 2028 utatoa Rais asiye wa vyama vile viwili, nitakujibu kwamba sitarajii. Kila wakati atatokea tajiri au mtu maarufu atakayetangaza. Mwaka 2024 kundi la No Labels, lililokuwa na fedha na lililokwisha kupata nafasi katika karatasi za majimbo kadhaa, liliacha mpango wake kwa sababu halikupata mtu wa kukubali kusimama. Julai 2025 Elon Musk, tajiri kuliko wote, alitangaza chama kipya. Yeye mwenyewe hawezi kuwa Rais, kwani alizaliwa Afrika Kusini. Kutangaza ni rahisi. Kushinda vibaba 51 ni jambo jingine.

Penye matumaini ni chini, si juu. Mwaka 1998 Jesse Ventura, mcheza mieleka wa zamani, alishinda ugavana wa Minnesota kwa tiketi ya chama alichokianzisha Perot, kwa asilimia 37 tu. Katika Seneti wamo watu wasio na chama, Bernie Sanders wa Vermont na Angus King wa Maine. Na huko Maine ndiko wananchi, baada ya kuchoka na magavana wanaoshinda kwa chini ya nusu ya kura, walikopitisha mwaka 2016 utaratibu mpya. Mpiga kura anawapanga wagombea kwa namba: wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kama hakuna aliyepata nusu, anayeshika mkia anatolewa, na karatasi zake hazitupwi, bali zinahamia kwa yule aliyeandikwa wa pili. Mtu anaweza kumpa Nader namba moja na Gore namba mbili, akalala usingizi. Maine iliutumia utaratibu huo katika uchaguzi wa Rais mwaka 2020, na Alaska mwaka 2024. Njia yenyewe si nyepesi. Novemba 2024 Alaska ilikaribia kuufuta. Ulinusurika kwa kura zisizofika elfu moja. Na siku hiyohiyo wananchi wa Colorado, Idaho, Nevada na Oregon waliukataa.

Nimalizie karibu na kwetu. Sisi neno mgombea binafsi tumelizoea kwa ubishi wa mahakamani. Mwaka 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, iliyoko Arusha, iliamua kwamba kumlazimisha Mtanzania awe na chama ndipo agombee kulivunja haki yake. Wenzetu wa Kenya waliufungua mlango huo katika Katiba yao ya 2010. Hoja hiyo ni ya msingi na sikusudii kuipunguza. Lakini Marekani inatufundisha kwamba mlango wa sheria ukiwa wazi bado haujamaliza kazi. Huko mgombea binafsi haruhusiwi tu, amekuwapo miaka nenda miaka rudi, na vibaba vinammwagia nafaka yake. Anayetaka kujua kama wa tatu ana nafasi, asiishie kuuliza nani anaruhusiwa kugombea. Aulize pia kura zitahesabiwaje, na nani aliyeiandika hesabu hiyo.

Na wewe mzee mwenzangu uliyesema "hawamtaki", nakuja kijiweni kesho. Kahawa ni juu yako.

Ndugu wasikilizaji, hadi juma lijalo, panapo majaaliwa. Kwaherini.